Insha ya Muziki Usiokuwa Wake

"Jumamosi naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Nimepata kazi. Kiwanda cha samaki, kule reli inakoishia. Mkataba wa miaka miwili."

"Miaka miwili."

"Ndiyo. Nikifika huko ndipo nitajua kama narudi au sirudi."

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ilikuwa Jumapili mchana, siku pekee ambayo miguu ile ilikuwa mali yake. Siku nyingine zote ilikuwa mali ya hoteli, chumba cha kufulia, mbele ya mashine ya pasi ya mvuke inayomeza mashuka kutwa nzima. Kazini walimwita Dada Pasi, na jina likamfuata mpaka mtaani. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, watu wakamwita Fundi Baridi. Siku hiyo jina lilimkaa sawasawa, maana alisimama mlangoni na mfuko wa vifaa begani, anatangaza kuvunja nyumba kwa sauti ya mtu anayesema gesi imeisha.

Dada Pasi akamtazama. Alikuwa na mengi ya kumwambia. Yalikuja yote kwa pamoja mpaka kooni, yakakuta koo limechoka, yakarudi yalikotoka.

"Sawa," akasema.

"Sawa?"

"Si umeshaamua? Sawa. Umekula?"

"Mimi nakwambia naondoka, wewe unaniuliza kula!"

"Nimekusikia. Jumamosi. Mimi nina insha ya kukabidhi kesho, na jana nimepiga zamu mbili. Sasa unataka nifanyeje? Nicheze?"

Fundi akasafisha koo. Alikuwa na tabia hiyo, hm-hm, mara mbili, kila akitaka kusema jambo zito. Alisafisha, lakini jambo lenyewe halikuja.

"Kuna bucha friji yao imekufa," akasema. "Naenda."

Mlango ukafungwa. Haukubamizwa, ulifungwa tu, na heri angeubamiza.

Jamani, mimi watu wa ndoa nawashangaa. Mmoja anaaga kama anaenda dukani, mwingine anajibu kama kaombwa chumvi. Ukiwaona hivyo utasema hawapendani. Ungewafungua kifua, ungekuta kila mmoja analia peke yake, na hakuna mwenye nguvu ya kuanza.

Dada Pasi alilia kidogo, machozi yakaingia kwenye beseni. Halafu akafuta uso kwa upande wa khanga, kwa sababu insha haimsubiri mtu.

Alikuwa anasoma masomo ya jioni, kozi ya ualimu wa chekechea. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mstaafu aliyegoma kustaafu, na wiki ile alikuwa amewapa kazi iliyowaacha wanafunzi wazima wanakuna vichwa. Aliwapigia muziki mtupu, usio na mwimbaji, halafu akaandika ubaoni: "Umesikia nini? Kurasa mbili."

"Mwalimu, muziki hauna maneno, tutaandika nini?" mwanafunzi mmoja akalalamika.

"Mtoto wa chekechea naye hana maneno," mwalimu akajibu. "Atakuja kwako analia, hawezi kukwambia ni tumbo, ni njaa, au ni baba yake. Kama huwezi kusikia kitu kisicho na maneno, nenda kauze nyanya."

Dada Pasi hakuusikia muziki wenyewe darasani. Alifika umeshakwisha, zamu ilimchelewesha. Mwalimu akamwekea kwenye flashi yake, akamwambia akasikilize nyumbani.

Sasa nyumbani kulikuwa na kikombe kisicho na mkono, kilikaa juu ya friji, ndani yake mna vibiriti, betri zilizokufa, na flashi mbili nyeusi zinazofanana kama pacha. Moja yake, moja ya mume. Dada Pasi alinyoosha mkono bila hata kutoa miguu kwenye maji, akachomoa moja, akaichomeka kwenye redio. Hivyo tu. Hakuna shetani aliyehusika.

Ikatoka tarumbeta. Peke yake, polepole.

Mara ya kwanza alisikiliza kwa sababu ni kazi ya shule. Mara ya pili aliinua kichwa. Mara ya tatu maji ya beseni yalishapoa na yeye hana habari, kalamu inakimbia. Aliandika kurasa nne, yeye ambaye barua ya kuomba ruhusa kazini humshinda.

Jumatatu akakabidhi. Aliporudi nyumbani, akakuta nguo za kazi za Fundi hazipo kwenye msumari. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe.

"Nipo kwa dada. Kwake ni karibu na stendi."

Akaandika: "Kwa nini usingelala hapa mpaka Jumamosi?" Akafuta. Akaandika: "Umechukua sweta?" Akatuma hiyo.

Jibu likaja: "Ndiyo."

Mazungumzo yakaishia hapo.

*

Jumatano jioni mwalimu alisema, "Wengine nendeni. Wewe wa hoteli, baki."

Wenzake wakatoka wanamtupia macho ya pole. Mwalimu akafungua droo, akatoa zile kurasa nne, akaziweka mezani na kuzigonga kwa kidole.

"Nani kakuandikia hii?"

"Hakuna, mwalimu. Nimeandika mwenyewe."

"Usinidanganye, binti. Nimefundisha tangu hujaota meno."

"Naapa ni mimi. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ndiyo shida yenyewe. Hii ndiyo insha bora niliyosoma mwaka huu. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikavua miwani. Lakini mimi nilikupa muziki wa kinanda. Kinanda tu, mwanzo mpaka mwisho. Wewe umeniandikia habari za tarumbeta kurasa nne. Hiyo tarumbeta umeitoa wapi?"

"Kwenye flashi uliyoniwekea muziki."

"Unayo hapo?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba. Mwalimu akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Halafu akazivua, akamvisha Dada Pasi kama mtu anayemvisha mtoto kofia.

"Sikiliza mwanzo kabisa. Kabla hajapuliza. Kuna mtu."

Redio ya nyumbani ilikuwa na spika ya kukwaruza, maji yanayodondoka iliyapitisha, mambo mengine madogo iliyala. Lakini kwenye hedifoni kila kitu kilikuwa wazi. Viatu vinasogea sakafuni. Tone la maji. Halafu mwanamume anasafisha koo. Hm-hm. Mara mbili.

Dada Pasi akashika meza.

"Unamjua?" mwalimu akauliza.

"Ni mume wangu."

"Hukujua kama mumeo anapiga tarumbeta?"

"Nilijua. Nilikutana naye kwenye harusi ya watu, yuko kwenye bendi anapiga mbele ya gari la bwana na bibi harusi. Lakini zile zilikuwa za kuruka na kushangilia. Hii sijawahi kuisikia. Na aliacha, mwalimu, mwaka jana aliacha ghafla. Nikasema labda kachoka, sote tumechoka. Ningejuaje ni yeye? Tarumbeta haina sura."

"Basi kamwambie."

"Anaondoka Jumamosi. Miaka miwili, na huenda asirudi."

"Alipokwambia, ulisemaje?"

Dada Pasi akainamisha kichwa. "Nilisema sawa."

Mwalimu akapumua kwa nguvu, puani. Alikuwa mjane, na wajane hawana subira na watu wanaochezea waume walio hai.

"Unajua kusikia tarumbeta ya mtu usiyemjua, ukamwandikia kurasa nne. Huyu unayelala naye ukamjibu neno moja. Alama sikupi. Kinanda utaandika upya, nakupa mpaka Jumatatu. Hii chukua, siyo yangu. Mpelekee mwenyewe."

"Na kama hataki kuisoma?"

"Msomee. Mdomo si unao?"

*

Alimpigia njiani. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, lakini na sauti ya kike.

"Haloo, wifi."

"Wifi, shikamoo. Kaka yako yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko bafuni, simu kaiacha kwenye kochi. Na kochi lenyewe kaligeuza kitanda, mimi sina pa kukaa nyumbani kwangu. Ananinunulia mkate, anaosha vyombo, haongei. Nimempata mfanyakazi bubu bila kumtafuta. Nyinyi mnagombania nini?"

"Hatugombani, wifi."

"Ndiyo mbaya hiyo! Afadhali mngetupiana masufuria tuje kuwaamulia. Wewe hutaki kumzuia?"

"Yeye ndiye anataka kwenda."

"Anataka kwenda! Mtu anayetaka kwenda anafunga begi. Huyu analifunga asubuhi, jioni analifungua, eti anatafuta soksi. Wifi, sikiliza, nitakwambia kitu na usiseme nimekwambia mimi. Kaka yangu ana kinyongo na wewe cha mwaka jana. Eti alikuwekea muziki wake, wewe ukakoroma."

"Nilifanya nini?"

"Ukakoroma. Haya, anatoka bafuni, kwaheri." Simu ikakatwa.

Dada Pasi alisimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, watu wanampita. Alijaribu kukumbuka siku hiyo. Hakuikumbuka. Alikumbuka mashuka. Mwaka jana wote, ukimuuliza, alikumbuka mashuka.

*

Ijumaa alipotoka zamu hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye bohari la nyama alikojua Fundi anamalizia kazi yake ya mwisho mjini. Alimkuta amechuchumaa nyuma ya chumba cha baridi, mbele ya mashine iliyofunguliwa kifuniko, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Umefuata nini huku?" Fundi akauliza bila kugeuka. Aliijua hatua yake.

"Nimekuletea flashi yako. Niliichukua kwa makosa."

"Weka hapo juu."

"Na insha."

"Insha gani?"

"Niliambiwa niandike muziki wa kinanda. Nikachomeka flashi isiyo yangu, nikaandika wa kwako. Mwalimu kaninyima alama."

Bisibisi mkononi mwake ikasimama. Fundi hakugeuka bado.

"Pole."

"Isome."

"Mikono michafu."

"Basi nitasoma mimi. Wewe endelea na kazi, usinitazame."

Akafungua karatasi. Akaanza kusoma.

"Mtu huyu hapigii watu. Anampigia mtu mmoja. Anaanza na swali. Najua ni swali kwa sababu sauti inapanda juu halafu inasubiri. Hakuna anayejibu. Basi anajifanya hakuuliza, anaingia kwenye mambo mengine, kama mtu anayetaka kusema nakupenda halafu akasema bomba linavuja. Baadaye anarudi kwenye swali lile lile, taratibu zaidi. Anarudi tena na tena, na mara ya mwisho halimalizi. Nyuma yake kuna maji yanadondoka. Nadhani yuko mahali penye baridi, na yuko peke yake. Mwanzo nilifikiri anaaga. Nikasikiliza tena, nikaona hapana. Anayeaga hasubiri jibu. Huyu anasubiri. Mwalimu, mimi ni mtu niliyechoka, na muziki siujui. Lakini ningekuwa ndiye ninayeulizwa, ningemwambia, maliza swali lako, mimi nipo."

Alikunja karatasi. Zilikuwepo kurasa nyingine, lakini macho hayakuona tena.

Fundi akageuka. Uso wake ulikuwa umevurugika, na grisi ikamfika shavuni alipojaribu kuufuta.

"Hayo uliyasikia lini?"

"Jumapili. Ulipotoka."

"Kabla ya Jumapili hukuwahi kusikia?"

"Kaka, ningekuwa nimesikia ningesahau?"

"Usiniite kaka."

"Nikuite nani, na kesho unaondoka?"

Fundi akakaa chini kabisa, sakafuni, mgongo kwenye mashine.

"Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, mwaka jana," akasema. "Nilikuwa na kazi kwenye chumba kikubwa cha baridi, kimejaa barafu ukutani. Unazima mashine, unatoa mizigo, unasubiri barafu iyeyuke. Huna la kufanya. Humo ndani sauti inazunguka, haitoki. Nikachukua tarumbeta, nikapiga, nikarekodi kwa simu. Nikaitia kwenye flashi, nikaja nyumbani nikakuwekea. Nikakwambia, sikiliza hii. Ukasema, haya, weka. Nikafumba macho, maana niliogopa kukutazama. Nilipofumbua, umelala. Mdomo wazi."

"Ulinitikisa?"

"Hapana."

"Kwa nini hukunitikisa?"

"Niliona ndilo jibu lenyewe."

Hasira ikampanda Dada Pasi kutoka miguuni, kwenye ile miguu iliyovimba.

"Fundi! Mtu mzima na akili zako! Nimesimama kwenye mashine ya mvuke tangu alfajiri, nimekunja mashuka ya ghorofa nzima, nimetoka hapo nimekwenda darasani, nimerudi nimepika, nimekaa chini mara ya kwanza siku nzima, halafu nikasinzia, wewe ukahesabu nimekukataa? Ukaacha tarumbeta mwaka mzima? Unataka kunivunjia nyumba kwa koromo?"

"Siyo koromo tu! Jumapili nilikwambia nakuacha, ukaniuliza kama nimekula!"

"Kwa sababu hukuwa umekula!"

Na ni kweli, siku ile hakuwa amekula.

"Mimi ndivyo ninavyosema," Dada Pasi akaendelea, sauti imeshuka. "Sijui kusema vingine. Wewe una tarumbeta, mimi nina umekula, umechukua sweta. Nikikuuliza sweta, ujue nimeshalia. Na wewe ungeniamsha. Ungenimwagia maji."

"Nimechoka, mke wangu." Alisema kwa upole, bila ugomvi. "Nimechoka kukaa na mtu ambaye sijui kama ananisikia."

"Na mimi nimechoka. Lakini mimi nimechoka na kazi, sijachoka na wewe. Hayo ni mambo mawili. Kama huwezi kuyatenganisha, basi panda gari uende."

"Bosi wa kule nimeshampa neno langu. Tiketi ninayo."

"Sikukuuliza tiketi. Lile swali ulilokuwa unauliza kwenye muziki, lilikuwa swali gani?"

Hm-hm. Mara mbili.

Kabla hajafungua mdomo, mwenye bohari akachungulia mlangoni. "Fundi, mambo ya familia naheshimu, lakini nyama yangu haiheshimu! Umeme unarudi saa ngapi humu?"

"Sasa hivi, mzee," Fundi akajibu. Akainuka. Alipomgeukia mkewe uso ulikuwa umeshafungwa tena. "Ni mambo ya zamani. Acha nimalize kazi ya watu."

Dada Pasi akaweka insha juu ya kifuniko cha mashine, akaweka na flashi juu yake isipeperuke.

"Mimi sitaki uende," akasema. "Jumapili nilikuwa nimechoka, sikulisema. Sasa nimelisema. Mengine ni yako."

Akaondoka. Alitamani aitwe. Alikwenda mpaka kona, akasimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Hakuitwa.

*

Jumamosi asubuhi alikuwa na zamu kazini, akabadilishana na mwenzake. Hakujua anabaki nyumbani kufanya nini. Alifagia palipofagiliwa. Akapika chai nyingi mno kwa mtu mmoja, akajitukana, akaiacha hivyo hivyo jikoni. Mume anapokwenda zake, akajiambia, mtu hujifunza kupunguza maji kwenye birika. Kuna waliojifunza, na hawakufa.

Saa mbili kasoro kitu, mlango ukagongwa. Mwenye nyumba hagongi mlango wake, kwa hiyo alijua ni mgeni. Akafungua.

Alikuwa Fundi, na begi.

"Ufunguo nilimwachia dada," akasema.

"Gari saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu." Akaingia, akaweka begi chini, lakini mkono haukuachia mpini. "Nimekuja kulimaliza lile swali. Ukisharudisha jibu, lolote, nitajua pa kwenda. Ila usinikatize, nikikatizwa siwezi tena."

"Sikukatizi."

Hm-hm, hm-hm. Safari hii alisafisha mara nyingi, maskini, mpaka mkewe akataka kumpa maji.

"Tangu umeanza shule nakuona unapanda," akasema. "Unarudi na maneno mapya. Unasoma vitabu ukiwa umesimama. Kesho keshokutwa utaitwa mwalimu, watoto wa watu watasimama wakupe shikamoo. Mimi nitakuwa yule yule, nanuka gesi, nalala chini ya mafriji ya watu. Mwaka jana nilitaka kukuuliza kitu, nikaona nikikiuliza kwa mdomo nitaonekana mtoto mdogo. Ndiyo nikapiga. Nilikuwa nauliza, ukishafika huko unakokwenda, bado utanitaka?"

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Mwaka mzima?"

"Nimekwambia usinikatize."

"Umeshamaliza, nakujibu." Dada Pasi alimsogelea mpaka karibu, akatazamana naye. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Nasoma ili nitoke kwenye ile mashine, nirudi nyumbani jua lipo, nikukute. Sisomi ili nikukimbie. Nakutaka. Nikiwa mwalimu nakutaka, nikiwa nimefeli nakutaka, nikiwa nimelala mdomo wazi nakutaka. Usiku mwingine ukiona nimelala, niamshe uniulize, nitakutukana halafu nitakujibu hivyo hivyo."

Fundi akaachia mpini wa begi. Hakulia kwa sauti, mabega ndiyo yaliyolia. Mkewe akamshika, wakasimama hivyo katikati ya chumba, watu wawili wanaoegemeana kwa sababu hakuna hata mmoja mwenye nguvu ya kusimama mwenyewe.

"Bosi atanitukana," Fundi akasema begani kwake.

"Atukane."

"Na kazi za hapa nilishaaga. Yule wa bohari kapata fundi mwingine."

"Utaanza upya. Hata mimi kinanda naanza upya."

"Sijui kama nitaweza kupiga tena. Midomo imelala."

"Hakuna aliyekuharakisha. Kaa."

Simu ya Fundi ikaanza kuita mfukoni. Akaitoa, akaitazama. Namba ya wakala wa mabasi. Ikaita, ikakata, ikaanza tena. Kwa mbali, kutoka upande wa stendi, honi ilikuwa inapigwa kwa hasira.

Fundi akamnyooshea mkewe simu.

"Pokea wewe," akasema. "Mimi maneno yangu yote ya leo yamekwisha."

Dada Pasi akapokea.

"Haloo!" mtu akapiga kelele upande wa pili, nyuma yake injini inanguruma. "Wewe fundi, uko wapi? Kiti chako kitupu, dereva ananila nyama!"

"Huyu siyo fundi. Mimi ni mkewe."

"Mama, samahani. Tunamsubiri yeye tu hapa. Anakuja?"

Dada Pasi akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Ameshakuja," akasema, akakata simu, akaenda jikoni kuleta chai.